Kivumishi "Bora" na Kiswahili cha Lubumbashi

Mjini Lubumbashi kivumishi bora kina kazi zaidi ya kusifu: hutaja lugha. Msemaji atajapo "Kiswahili bora", aghalabu hakusudii ufasaha wa mtu fulani, bali Kiswahili cha pwani na cha vitabu, kinyume cha kile kisemwacho nyumbani na sokoni. Matumizi hayo yanastahili kuhakikiwa.

Kwa umbo, bora hakipokei kiambishi cha upatanisho: mtu bora, kitabu bora, mambo bora. Katika hilo kinafanana na safi, rahisi na ghali, vivumishi vyenye asili ya Kiarabu. Lakini mfanano wa umbo peke yake si ushahidi wa chimbuko moja. Kwa maana, bora kina ulinganishi ndani yake. Katika "bora uende" huchagua jambo moja kati ya mawili. Katika "bora uhai" hutaja kile ambacho kikiwapo, mengine huvumilika. Penye bora, basi, pana kilichoachwa nyuma.

Kilichoachwa nyuma hapa ni lugha yenye historia yake. Élisabethville, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Lubumbashi tangu 1966, ulipokea wafanyakazi wa shaba kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Kiswahili chao kilikua katika maingiliano hayo. Kiswahili Sanifu kilijengwa kwingine, juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928.

Kasoro inayotajwa mara nyingi ni upungufu wa upatanisho. Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno muzuri huweza kubaki vilevile baada ya nomino za ngeli mbalimbali. Walakini, hivyo ndivyo bora chenyewe kinavyotenda katika Kiswahili Sanifu. Tabia ihesabiwayo kuwa kanuni katika neno moja haiwezi, kwa sababu hiyo tu, kuhesabiwa kuwa uharibifu katika jingine.

Athari ya jina hili inafika hadi kwenye fasihi. Vocabulaire de ville de Elisabethville, historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, haiwezi kuitwa bora kwa kipimo hicho. Hata hivyo, inasimulia ukoloni kwa kauli ya wale waliowatumikia Wazungu majumbani mwao, na Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990. Vivyo hivyo, ucheshi wa maigizo ya kundi la Mufwankolo umo katika usemi wenyewe wa mji. Ukisanifiwa, sehemu kubwa ya utamu wake hupotea.

Hoja hii haipingi ufundishaji wa Kiswahili Sanifu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwanafunzi wa Lubumbashi anahitaji lugha ya kumfikisha kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Kinachopingwa ni jina. Sanifu hueleza kazi iliyofanywa juu ya lugha. Bora hutoa hukumu juu ya wasemaji. Mwalimu atumiaye neno la kwanza humwongezea mwanafunzi lugha. Atumiaye la pili humfundisha kuionea haya lugha ya mama yake.