Asomaye Ukingo

Mpe mtu yeyote nishani ya vita aishike, macho yatakwenda moja kwa moja kwenye sura ya mfalme. Mzee ninayemzungumzia hapa hana haja na mfalme. Huipokea kwa ncha za vidole viwili, akaigeuza ubavu, akaielekeza dirishani, kisha huanza kuizungusha polepole kama mtu anayetafuta kituo kwenye redio ya zamani. Anasoma ukingo. Kahawa inapoa, mgeni anakohoa, yeye bado yuko ukingoni.

Alikuwa fundi saa hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka arobaini. Lenzi ya kubana jichoni ndiyo kitu pekee alichoondoka nacho dukani siku alipofunga. Nishani alizianza kwa bahati tu: mteja alikosa hela ya kulipia saa, akaacha kipande cha fedha chenye utepe uliochakaa, na hakurudi tena. "Nilidhani ni sarafu," aliniambia. "Nikaiweka miezi sita ndani ya mtoto wa meza. Siku moja jua likaipiga ubavuni, nikaona jina la mtu."

Ilikuwa Nishani ya Vita ya Uingereza, ile ya 1914 hadi 1920. Zilitolewa mamilioni kwa mamilioni, upana wake milimita 36, upande mmoja Mfalme George wa Tano, upande wa pili mpanda farasi aliye uchi akikanyaga ngao yenye tai. Kwa sura, zote ni moja. Ukiziangalia kwa mbele, ya askari wa London na ya askari wa Tabora hazina tofauti hata ya nywele. Tofauti iko ubavuni, pembamba kama uzi: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Na kwenye hiyo ya mteja wake, kikosi kilikuwa Keya.

Kwa wasomaji wadogo: Keya ndiyo K.A.R., jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Nyasa, Afrika Mashariki na Uganda. Wakubwa walilitaja kwa jina refu. Wazee wetu wakachukua herufi tatu wakatengeneza neno, kama walivyoichukua Carrier Corps, jeshi la wapagazi, wakatupa Kariakoo.

Sasa, ufundi wenyewe. Herufi za ukingoni ziligongwa kwa mhuri wa chuma, na fedha inapogongwa haiondoki, husogea pembeni. Chini ya lenzi utaona kila herufi ina kijituta kidogo kinachoizunguka. Jina lililochongwa baadaye kwa ncha ya chuma halina kijituta, lina mfereji tu, kwa kuwa fedha imekwanguliwa ikaenda zake. Mzee hupitisha ukucha kwanza, ndipo anatia lenzi. Nilijaribu nami. Sikuhisi kitu. Akacheka, akasema ukucha wangu bado una haraka.

Wapo wanaofuta jina la zamani kwa tupa ili waandike jipya, la mtu mwenye sifa au kikosi chenye bei. Hapo mzee hutoa kipimo chake cha kubana, kilekile alichokuwa akipimia vyuma vya saa, na kuupima mduara sehemu nne. "Fedha iliyopigwa tupa haikui tena," husema. Ikipungua hata kwa unene wa karatasi, nishani inarudi kwa mwenyewe, na hatoi maelezo marefu. Nimemwona akirudisha moja aliyoitamani kweli. Alitia sukari kwenye kahawa mara mbili siku hiyo.

Lakini kipimo hata mimi ningeweza kujifunza. Kinachonishangaza zaidi ni anavyosoma majina. Karani Mzungu aliandika alichosikia, na alichosikia si lazima kiwe kilichosemwa. Kwa hiyo mzee hasomi kimya. Hulitamka jina kwa sauti, akalivuta, akalikata, akahamisha mkazo, hadi lilie Kiswahili. Akikuta AMISI, harukii kusema karani amesahau H. Huenda alikuwa Hamisi wa Pwani aliyeandikwa vibaya, na huenda alikuwa Amisi hasa, mtu wa Manyema, ambako jina hilo hutamkwa na kuandikwa hivyo mpaka leo. Kisha hutazama namba ya batalioni. Ya Tatu ilikuwa ya upande wa Kenya, ya Nne ya Uganda. Akiona ya Sita hunyanyuka kitini, maana hiyo iliundwa upya mwaka 1917, na ndani yake waliingizwa askari waliotekwa kutoka jeshi la Wajerumani. Mtu alianza vita akimpigania Mjerumani, akaimaliza akimpigania Mwingereza, na Mwingereza akampa nishani. Ukingo hausemi hayo yote. Unasema Sita, basi, na anayejua anajua.

Aliyepata nishani ile ya fedha kwa kawaida alipata na ya pili, Nishani ya Ushindi, ya shaba, yenye umbo la mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua. Zilikwenda pamoja. Siku hizi nyingi hazipo pamoja, na sababu yake ni ya sokoni tu: fedha huuzwa kwa uzito. Bei ya fedha iliporuka duniani mwaka 1979 na mwanzoni mwa 1980, nishani nyingi sana ziliishia chunguni. Mzee anamkumbuka sonara wa mtaani mwao akipima moja kwenye mizani, akitoa utepe kwanza ili usiongeze uzito. Ya shaba hakuna aliyeitaka, ikabaki. Ndiyo maana katika sanduku lake kuna safu nzima ya Nishani za Ushindi zilizo peke yake. Anaziita wajane.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni kumtafutia mjane mwenzake. Ana daftari la mistari, kurasa zake zimegawanywa kwa namba za askari, si kwa majina, kwa kuwa karani aliweza kukosea jina mara mbili kwa namna mbili lakini namba ilinakiliwa. Jozi moja ilimchukua miaka kumi na moja: ya shaba ilitoka kwa muuza vyuma chakavu, ya fedha ilitokea kwenye orodha ya mnada Uingereza. Alipoziweka pamoja hakuzisafisha. Fedha ilikuwa nyeusi, shaba ya rangi ya chai, na ziko hivyo hadi leo.

Kwenye usafi ana msimamo ambao mwanzoni niliuona wa ajabu. Pua ya mfalme ikiwa imelika kwa miaka ya Brasso na kitambaa, hufurahi, kwa kuwa huyo ni askari mwenyewe aliyekuwa akijiandaa kwa gwaride. Ikiwa imelika jana mikononi mwa mchuuzi aliyetaka ing'ae, hukasirika. Na anazitofautisha. Usuguaji wa askari umeenea kote, laini, na mchafu kidogo kwenye mabonde ya herufi. Wa mchuuzi umeacha mikwaruzo ya upande mmoja. Rababendi haigusi nyumbani kwake, maana salfa iliyomo huitia fedha weusi. Nishani hulala ndani ya vitambaa vya pamba, kila moja na kadi yake.

Kuna droo moja haifungui kwa kila mgeni. Ndani yake mna Nishani ya Afrika, ile yenye utepe wa njano, pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Ilianzishwa 1902 kwa safari za kijeshi za Somalia, Nandi, Jubaland na kwingineko. Kila safari ilipewa kibao chembamba cha fedha cha kupachika juu ya utepe. Wapiganaji walipewa ya fedha, na katika baadhi ya safari hizo wapagazi walipewa ya shaba. Baada ya 1920 vibao vikakoma kwa zaidi ya miaka thelathini, kisha kikaja cha mwisho, cha vita vya kuanzia 1952 hadi 1956. Kimeandikwa neno moja: KENYA.

Nishani yenye kibao hicho ilitolewa kwa waliopigana na Mau Mau, na ukingoni mwake, pamoja na majina ya Waingereza, yamo majina yetu. Mzee anazo kadhaa, na majina yake hayasomi kwa sauti mbele ya watu. Mara moja kijana alimwomba amwonyeshe, akisema anaandika historia. Mzee akamwambia aje na mtu wa ukoo wa mwenye jina. Nilimwona mkali kupita kiasi, na bado sijaamua kama alikosea.

Juzi alikuja dada mmoja kutoka Taita, mwalimu, na leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na nyota ya shaba yenye pembe sita: Nyota ya Burma, ya babu yake aliyekwenda huko na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa kichwa cha kifaru begani na kushuka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika mwaka 1944. Mzee aliigeuza. Nyuma tupu. Nyota za vita ile walizopewa askari wa Keya hazikuandikwa majina. Aliitazama chini ya lenzi muda mrefu, akathibitisha kwamba imepigwa na si ya kumiminwa kwenye kalibu, kwa sababu bandia huwa na vishimo vidogo na herufi zilizolegea.

Yule dada alikuwa na ombi. Kwa kuwa mzee ana mkono wa fundi saa, je, angeweza kulichonga jina la babu hapo nyuma, lisije likapotea?

"Nikilichonga, mama, atakayeishika baada yako atasema ni ya uongo. Na atakuwa na haki."

Akavuta kadi mpya, akachonga penseli kwa kisu. Akamwomba alitaje jina. Yule dada akalitaja. Mzee akalirudia kwa sauti, akalivuta, akalikata, akamtazama usoni kuona kama amelipata.

"Hapana," yule dada akasema. "Sisi tunalitamka hivi."

Akafuta, akaanza upya.