Kuita si kupiga simu: Kasoro za tafsiri katika mwongozo wa kompyuta

Majuzi kijana mmoja mfasiri aliniletea mswada wake niupitie kabla haujamfikia mchapishaji. Ni mwongozo wa wanafunzi wa vyuo vya ufundi, unaoeleza jinsi programu inavyopanga mawasiliano ya kompyuta na vifaa kama vile printa na mizani. Nampongeza. Wengi wetu hupiga domo tu kwamba Kiswahili kinaimudu sayansi. Yeye amejifunga kibwebwe akaandika. Hata hivyo, sifa hazifuti kasoro, nami nimeziona tatu.

Kwanza, anasema programu "huupigia simu" mfumo endeshi. Ati simu! Programu ya kawaida haijichukulii tu mlango wa kifaa. Huita utaratibu fulani wa mfumo kwa jina, huukabidhi maelezo, kisha husubiri kuambiwa kama ombi limefaulu au limeshindwa. Si ndivyo mgeni anavyopiga hodi akasubiri karibu? Neno "mwito" latosha kabisa. Mwanafunzi akisoma "simu" ataanza kutafuta laini isiyokuwapo.

Pili, kuna "biti ya usawa". Usawa wa nini na nini? Biti hii huongezwa kwenye kila herufi inayotumwa ili idadi ya tarakimu 1 iwe shufwa, au iwe witiri, kulingana na mapatano ya pande mbili. Mpokeaji akihesabu akakuta kinyume, anajua herufi imeharibika njiani. Shufwa na witiri ni maneno tuliyofunzwa katika hisabati ya shule ya msingi. Mbona tuyatupe? Napendekeza "biti ya shufwa na witiri". Fundi akipanga kompyuta kwa shufwa na mizani kwa witiri, kila herufi itahesabiwa kuwa mbovu, hata iliyofika salama.

Tatu, na hii ndiyo nzito. Katika mifumo ya jamii ya Unix, utaratibu uitwao tcsetattr hubadilisha mipangilio, kama vile kasi, kwa nyakati tatu tofauti: papo hapo, baada ya data iliyokwisha kuandikwa kumaliza kutumwa, au baada ya kumaliza kutuma na pia kutupa data iliyopokelewa ambayo haijasomwa. Mfasiri amezifasiri zote "badilisha sasa". Anayebadilisha kasi papo hapo, printa ikiwa bado inapokea, atapata ukurasa wa herufi za ajabu. Anayetumia ya tatu bila kujua atapoteza vipimo vya mizani na asijue vimekwenda wapi. Hapo jamani si suala la ladha ya lugha tena, ni hasara.

Hata hivyo, nisimtwike kijana lawama zote. Nimewahi kuketi katika vikao vya istilahi, tukapitisha orodha ndefu kabla ya chakula cha mchana, pasiwe na hata mmoja wetu aliyewahi kuunganisha mizani na kompyuta. Tulichunguza viambishi, tukasahau kuuliza neno linafanya kazi gani.

Nimemrudishia mswada na ushauri mmoja: aketi na fundi siku mbili, abadilishe mipangilio kwa mkono wake, aone printa inavyogoma, ndipo achague maneno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Safari hii nitaandamana naye.