Tabibu Anayeufuata Ugonjwa Kazini

Tiba ya magonjwa ya kazi, yaani tawi la udaktari linaloshughulikia madhara yanayompata mtu kutokana na kazi yake na mahali anapoifanyia, huanza na swali. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, tabibu wa Kiitalia, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, akawahimiza wenzake wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, anaweza kutibiwa kifua kikuu akapona, kisha akarudi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na kuanza kukohoa upya.

Vumbi la silika, madini yaliyomo katika mawe mengi yenye dhahabu, huwa laini kiasi cha kutoonekana kwa macho, likapenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuacha makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana tabibu wa fani hii hutoka chumbani mwake akaenda kulishughulikia jiwe lenyewe: linyunyiziwe maji kabla ya kupondwa, karasha iondolewe karibu na makazi, hewa ipitishwe ndani ya duara, kama wachimbaji waliitavyo shimo lao. Barakoa huja mwisho, kwani kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe hizo. Ushauri huo wa maji ni mgumu katika nchi kame, ambako maji ya kunywa yenyewe hutafutwa kwa taabu, na hapo ndipo subira ya tabibu huyu hupimwa.

Zebaki hudai ustadi mwingine. Mchenjuaji huichanganya na mchanga wenye dhahabu ili iikamate, kisha huuchoma mchanganyiko huo, na mvuke wake, usio na rangi wala harufu, hudhuru ubongo, neva na figo. Mwaka 2003, katika mradi wa Umoja wa Mataifa, watafiti waliwapima watu 180 wa Rwamagasa, mkoani Geita ya leo, wakawalinganisha na 31 wa Katoro wasioitumia zebaki, kwa mkojo, damu, nywele na uchunguzi wa mitetemeko ya mikono. Walioathirika zaidi walikuwa wachomaji. Kazi hiyo ya vichupa na kalamu haina shangwe ya chumba cha upasuaji, lakini bila hiyo mkono unaotetemeka ungeendelea kudhaniwa kuwa ni ulevi au uzee.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mwaka 2020 iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Lakini bila kungoja sheria, mganga wa zahanati ya machimboni asiye hata na mashine ya eksirei anaweza, leo hii, kuandika kazi ya mgonjwa kwenye kadi yake. Na aiandike.