Chungu Kilichopakuliwa Kabla ya Kuiva

Mwongozaji Richard Kelly hakupaswa kuipeleka filamu yake Southland Tales kwenye mashindano ya tamasha la Cannes mwezi Mei 2006. Tangu nakala ile ya Cannes itolewe kwenye diski mwaka 2021, hakuna tena haja ya kulizunguka jambo hili kwa lugha ya heshima. Nakala zote mbili tunazo: ile ya karibu dakika 160 iliyozomewa Ufaransa, na ile fupi ya dakika 145 hivi iliyoingia kumbi za Marekani Novemba 2007. Anayezitazama kwa kufuatana haoni filamu mbili. Anaona filamu moja iliyopelekwa mbele ya dunia ikiwa bado mezani kwa mhariri. Waongozaji wetu wanaoota Cannes, Berlin, Venice au Toronto wana zaidi la kujifunza katika kosa hili kuliko katika semina zote za namna ya kusimama kwenye zulia jekundu.

Tulitazame tukio lenyewe kwa utulivu, maana wengi humlaumu Kelly mahali asipokosea. Kutuma nakala ghafi kwa wateuzi si kosa. Wateuzi wa tamasha kubwa hutazama nakala ghafi kila mwaka. Wamezoea sauti isiyochanganywa, rangi isiyosahihishwa na sehemu tupu zinazosubiri madoido ya kompyuta. Kelly alituma, naye hakutegemea sana kukubaliwa. Kosa lilikuja baada ya jibu. Orodha ya Cannes hutangazwa katikati ya Aprili na tamasha hufunguliwa katikati ya Mei, kwa hiyo alikuwa na takriban wiki nne. Filamu yenye njia kadhaa za hadithi na wahusika wengi, tena inayoanzia sura ya nne kwa sababu sura tatu za kwanza zimewekwa kwenye vitabu vya katuni, haifungwi picha, yaani uhariri wake haukamiliki, kwa wiki nne. Kwa hiyo uhariri ulisimama pale ulipofikia, nguvu zikahamia kwenye kuiandaa kopi ya kuonyesha, na madoido mengine yakaenda Ufaransa hayajakamilika. Watazamaji waliokaa ukumbini hawakuwa wamevisoma vile vitabu. Waliingizwa katikati ya mazungumzo ya watu wasiowajua, wakakaa humo zaidi ya saa mbili na nusu.

Ushahidi kwamba tatizo kubwa lilikuwa la chumba cha uhariri uko kwenye nakala ya 2007. Kelly aliweka utangulizi wa kueleza ulimwengu wa hadithi na yaliyotokea kwenye zile sura tatu. Mhusika aliyeigizwa na Janeane Garofalo akaondolewa. Simulizi ya Justin Timberlake ikarekodiwa upya. Kampuni ya Sony ilipotaka filamu ifupishwe, Kelly alikubali kupunguza dakika ili apewe fedha za kumalizia madoido. Hakuna hata dawa moja kati ya hizo iliyohitaji kurudi kupiga picha upya kwa mwaka mzima. Zote zilihitaji muda kwanza, na muda ndio alioutoa kafara siku aliposema ndiyo. Kamera ya Steven Poster na muziki wa Moby havina lawama hapa.

Muda huo haurudi, kwa sababu tamasha kubwa huipa filamu onyesho la kwanza duniani mara moja tu. Wahakiki wa magazeti ya biashara ya filamu huandika usiku uleule, na wanunuzi husoma kabla ya chai ya asubuhi. Filamu ikishapewa jina baya hapo, hubaki nalo hata ikihaririwa upya vizuri namna gani. Southland Tales iligharimu dola milioni 17 hivi. Ilipotoka Marekani, mwaka mmoja na nusu baada ya Cannes, iliingiza chini ya dola laki nne. Atakayesema kwamba hata nakala ya 2007 haieleweki nitamkubalia kwa sehemu, kwani bado ina fundo ambalo hakuna mkasi ungelifungua. Lakini filamu ngumu iliyokamilika hupata watetezi siku ya kwanza. Filamu ngumu isiyokamilika huwapa hata rafiki zake sababu ya kunyamaza.

Pingamizi ninalolisikia kila mara ni mfano wa Francis Ford Coppola. Mwaka 1979 aliileta Apocalypse Now Cannes akisema wazi kwamba kazi bado inaendelea, na akaondoka na Palme d'Or kwa kugawana na Volker Schlöndorff. Ni kweli. Lakini Coppola alikuwa ameshachukua tuzo kuu ya Cannes mwaka 1974 kwa The Conversation, na nyuma yake kulikuwa na filamu mbili za The Godfather. Tena alichokionyesha, hata kama hakikuwa cha mwisho, kilikuwa na sauti na picha za kumfunga mtu kwenye kiti. Kelly alikuwa na filamu moja tu nyuma yake, Donnie Darko ya 2001. Wong Kar-wai naye alichelewesha 2046 mwaka 2004 hadi ratiba ya tamasha ikasogezwa, kisha akaendelea kuihariri baada ya Cannes. Jina lake lilimbeba, lakini tuzo kuu hazikuja. Na mwaka 2006 rais wa jopo la majaji alikuwa Wong mwenyewe. Kama kuna mtu ambaye angemwonea huruma aliyefika na kazi mbichi, ni yeye. Kelly hakupata kitu.

Wakongwe wa Afrika walifanya kinyume. Mwaka uleule wa 2004 Ousmane Sembène, akiwa na miaka 81, alifika Cannes na Moolaadé iliyoiva mpaka fremu ya mwisho, akachukua tuzo ya Un Certain Regard. Souleymane Cissé aliitengeneza Yeelen kwa miaka, kazi ikakatizwa na kifo cha mwigizaji wake, na bado hakuikimbiza. Ilipofika Cannes mwaka 1987 ilipewa Tuzo ya Majaji. Wazee hawa hawakuwa na fedha za Kelly wala mitambo yake. Walichokuwa nacho ni subira ya kuikataa tarehe ya mtu mwingine. Kizazi cha sasa kimelelewa na soko la kupiga filamu kwa wiki moja na kuigawa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Nimelilalamikia soko hilo miaka yote na sitaacha, kwa sababu ndilo lililotufundisha kuona uhariri na sauti kama kazi ya usiku mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Mwongozaji wa Dar es Salaam au Nairobi atasema kwamba mwaliko ndio unaoleta fedha za kumalizia, na akiukataa hatapata tena. Hili silipuuzi. Lakini kwa kazi isiyokwisha kuna mlango wake: tangu 2013 Venice ina warsha ya Final Cut, inayozipokea filamu za Afrika na za baadhi ya nchi za Kiarabu zikiwa kwenye hatua ya baada ya kupiga picha, na kuzitafutia msaada wa kuchanganya sauti, kusahihisha rangi na kutafsiri. Filamu huonyeshwa humo kwa wataalamu ikiwa mbichi bila kupoteza onyesho lake la kwanza. Na wateuzi walioipenda nakala ghafi ya Aprili wanaweza kuombwa waitazame tena mwakani, au filamu ielekezwe Venice na Toronto mwezi Septemba. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilipofika Berlin 2018, na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilipofika Toronto 2021, zilifika zimekamilika.

Kwa hiyo simu ikija, hesabu kutoka siku ya onyesho kurudi nyuma kabla ya kutoa jibu. Faili la DCP, yaani kopi ya kidijitali ya kuonyeshea ukumbini, lazima lijaribiwe kwenye ukumbi halisi, wala si kwenye kompyuta ya mhariri, na libaki na siku za kurekebishwa. Kabla yake kuna kuchanganya sauti, na kabla ya hapo kuna tafsiri ya maandishi ya chini ya picha, ambayo kwetu huachiwa binamu anayejua Kiingereza. Mfasiri atafsiri maneno yaliyosemwa na waigizaji. Asitafsiri muswada ulioandikwa kwa Kiingereza miaka mitatu iliyopita, maana fumbo la mama wa Kipwani likipita njia hiyo hufika Cannes likiwa tangazo la sabuni. Kwa Cannes uandae na tafsiri ya Kifaransa pia. Mambo hayo yote hayaanzi kabla picha haijafungwa. Kama kwenye hesabu yako siku ya kufunga picha inaangukia kabla ya siku ya mwaliko na wewe bado hujaifunga, waandikie wateuzi siku hiyohiyo, uwashukuru, na uwaambie filamu itakuwa tayari mwezi gani.