Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Tolstoy na Mark Twain Katika Mji wa Luzern

Maandishi ya safari yana hatari moja ambayo kila mwalimu wa insha anaijua. Mwanafunzi akitakiwa aeleze mji alioutembelea, ataandika kwamba ziwa lilikuwa la buluu, mlima ulikuwa mrefu, hewa ilikuwa safi, naye alifurahi mno. Katika insha ya namna hiyo hamna uongo, lakini hamna watu pia. Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi waandishi wawili mashuhuri, Leo Tolstoy wa Urusi na Mark Twain wa Marekani, walivyouandika mji mmoja wa Uswisi, Luzern, pamoja na milima iliyo jirani nao. Nimewachagua hao kwa sababu kila mmoja, kwa wakati wake, alikutana na waimbaji mahali hapo. Jinsi msanii anavyomchora mwimbaji ndiyo itakayotuonyesha kama aliuona mji au aliona mandhari tu.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Nchi ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na vilima vyake na Ziwa Bunyonyi, imekuwa ikiitwa "Uswisi ya Afrika" tangu zamani, na hata leo jina hilo hutumiwa kuwavutia watalii. Anayebandikwa jina la mwenzake hana budi kujua sifa za huyo mwenzake, njema na mbaya.

Mji na milima yake

Luzern umejengwa pale ambapo mto Reuss unatoka katika ziwa liitwalo kwa Kijerumani Vierwaldstättersee. Fahari yake ni Kapellbrücke, daraja la mbao lenye paa, lililojengwa katika karne ya 14. Chini ya paa hilo zilitundikwa katika karne ya 17 picha zilizosimulia historia ya mji na habari za watakatifu wake. Usiku wa kuamkia Agosti 18, 1993, moto uliteketeza sehemu kubwa ya daraja na picha zake nyingi. Mwaka uliofuata lilifunguliwa tena likiwa limejengwa upya. Upo pia mnara wa simba anayekata roho, uliochongwa mwambani na kuzinduliwa mwaka 1821, kuwakumbuka askari wa Kiswisi waliouawa Paris Agosti 10, 1792, wakililinda jumba la mfalme wa Ufaransa.

Milima miwili inautazama mji huo: Pilatus, wenye urefu wa mita 2,128, na Rigi, wenye mita 1,798. Zamani watu waliuogopa Pilatus, wakiamini kuwa mzuka wa Pontio Pilato ulikaa katika kidimbwi kilichokuwa huko juu. Mwaka 1387 wakuu wa mji waliwatia gerezani makasisi sita kwa sababu ya kutaka kuupanda. Lakini mwaka 1871 reli yenye meno ilifikishwa mlimani Rigi, ikawa reli ya kwanza ya kupanda mlima katika Ulaya. Na mwaka 1889 Pilatus nao ukapata yake. Basi mlima uliokuwa makao ya mizimu ukawa bidhaa. Tukumbuke mabadiliko hayo tunapowasoma waandishi wetu, kwani mmoja alifika kabla ya reli na mwingine baada yake.

Mwimbaji wa Tolstoy

Tolstoy alifika Luzern Julai 1857, akiwa na umri wa miaka 28. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameshuhudia Paris mtu akikatwa kichwa hadharani, na tukio hilo lilikuwa limemtikisa sana. Hadithi yake fupi iitwayo "Luzern" ilitoka mwaka huo huo. Msimulizi ni mwana wa mfalme aitwaye Nekhlyudov, ambaye amepanga katika Schweizerhof, hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 1845 kando ya ziwa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jioni moja mtu mdogo, maskini, mwenye gitaa, anasimama mbele ya hoteli na kuimba. Wageni wakwasi wanatoka madirishani na rozanini, wanakusanyika barabarani, wananyamaza na kusikiliza. Akimaliza, anainyosha kofia yake. Hapewi kitu. Anaimba tena na kuomba tena, hata mara tatu. Hakuna anayetoa hata senti, na wengine wanamcheka anapoondoka. Nekhlyudov anamfuata, anamrudisha hotelini na kumwagizia shampeni. Watumishi wanawapeleka katika chumba cha pembeni na kumdhihaki mgeni huyo. Nekhlyudov anawaka hasira, anamwingiza mwimbaji katika ukumbi wa wageni wa heshima, na waliokuwamo wanaondoka kwa chuki.

Kwa upande wa fani, nusu ya kwanza ya hadithi hii ni ya hali ya juu. Kabla mwimbaji hajatokea, Tolstoy anatueleza kwamba daraja la kale la mbao, lililopindapinda, limebomolewa ili ijengwe njia iliyonyoka kando ya maji, kwa ajili ya matembezi ya wageni wa Kiingereza. Ziwa na milima havina mstari ulionyoka hata mmoja. Mstari huo umeletwa na fedha. Kisha anatupeleka mezani, ambako watu wapatao mia moja, wasafi na waliovaa vizuri, wanakula bila kuzungumza. Msomaji akifika kwenye kofia ile iliyonyoshwa bure, hashangai. Ameandaliwa na daraja na meza. Hapo ndipo maudhui yanapozaliwa na fani yenyewe, bila ya kuhubiriwa.

Kwa bahati mbaya, mahubiri yanakuja baadaye. Kurasa za mwisho zinamwacha mwimbaji na kumpa Nekhlyudov nafasi ya kuuhukumu ustaarabu wote wa Ulaya. Anataka wanahistoria waliandike tukio hilo kwa herufi za moto; halafu anageuka na kujiuliza kama yeye ana haki gani ya kuhukumu, na anaishia katika kuusifu upatanifu wa milele wa ulimwengu. Wahakiki wanaotazama matabaka watasema kwamba hapa mwana wa mfalme amekimbilia mbinguni baada ya kushindwa duniani. Nakubaliana nao kwa sehemu. Hasira inayoishia katika upatanifu wa milele haimpi mwimbaji chakula cha usiku.

Walakini yapo mambo mawili ambayo hukumu hiyo haiyaoni. La kwanza ni watumishi. Wanaomdhihaki mwimbaji kwa ukali zaidi si matajiri bali ni bawabu na wahudumu, watu wa hali ya chini kama yeye. Tolstoy ametambua kwamba dharau ya bwana hujifunzwa upesi na mtumishi wake, na kwamba yeye ndiye huitekeleza kwa mikono yake. La pili ni mwimbaji mwenyewe. Ndani ya ukumbi ule anaona haya, ana hofu, na anatamani kwenda zake. Nekhlyudov anamtetea, lakini pia anamtumia kama fimbo ya kuwachapia wenzake. Tolstoy hakulificha jambo hilo, ingawa lilimwaibisha shujaa wake. Huo ni uaminifu wa msanii, nao una uzito kuliko hotuba yake yote.

Tena mwimbaji huyo anatoa habari moja ambayo msomaji asiipite haraka. Anasema kwamba sheria za nchi hazimruhusu mtu kuimba njiani kama aimbavyo yeye, na kwamba anaweza kufungwa. Nchi hiyo ni jamhuri, yenye katiba mpya ya mwaka 1848. Mgeni ana ruhusa ya kuufurahia mlima. Mwenyeji hana ruhusa ya kuuimbia. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika Luzern ya Tolstoy aliyepona ni mwenye hoteli.

Waimbaji wa Mark Twain

Mark Twain alizuru Luzern mwaka 1878, na kitabu chake cha safari hiyo, A Tramp Abroad, kilichapishwa mwaka 1880. Yeye ni mchekeshaji, na mbinu yake ni kumfanya mtalii mwenyewe kuwa kichekesho. Msimulizi na mwenzake wanaupanda mlima Rigi kwa miguu. Kazi ambayo kitabu cha mwongozo kinasema ni ya saa chache inawachukua siku kadhaa. Wakifika kileleni wanalala mno. Wanaamka na kutoka mbio kutazama jua linachomoza, kumbe linatua. Twain anamcheka mtu aendaye kutazama kitu kwa sababu tu wengine wamekitazama, na kicheko hicho ni cha haki kwa kuwa anaanza kujicheka mwenyewe.

Lakini tutazame waimbaji wake. Njiani wanamsikia kijana mchungaji wa miaka 16 akiimba kwa kupandisha na kushusha sauti ghafla, uimbaji ambao wenyeji huuita jodel. Wanafurahi, wanampa faranga moja aendelee. Baada ya robo saa wanamkuta wa pili, wanampa nusu faranga. Kisha kila baada ya dakika kumi anatokea mwingine. Malipo yanashuka senti nane, sita, nne, moja. Wa tano, wa sita na wa saba hawapati kitu. Na kwa siku yote iliyobaki wasafiri hao wanawalipa waimbaji faranga moja moja ili wanyamaze.

Kicheko hiki ni kizuri sana, na nyuma yake pana ukweli mchungu. Mwaka 1857 mwimbaji alisikilizwa bila kulipwa. Mwaka 1878 analipwa ili asisikilizwe. Baina ya miaka hiyo reli ilikuwa imefika mlimani, na wimbo wa mchungaji ulikuwa umefuata njia ya mlima wenyewe, ukawa bidhaa. Na bidhaa ikizidi sokoni, bei yake huanguka. Twain amelionyesha jambo hilo kwa hesabu tupu, bila neno moja la mahubiri, na kwa upande huo amemshinda Tolstoy.

Hata hivyo, ushindi huo una gharama. Mwimbaji wa kwanza ana umri na kazi. Wa tano ni namba tu. Hatujui kwa nini vijana hao waliacha mifugo yao kungojea wageni njiani, wala walirudi na nini nyumbani. Mwimbaji wa Tolstoy naye hana jina, lakini ana mwili, haya, hofu na historia. Kichekesho cha Twain kinamhitaji mwimbaji asiye na uso, maana angekuwa na uso tusingecheka.

Jioni ya Weggis

Kama habari za Twain zingeishia hapo, ningesema Tolstoy ndiye aliyeuona mji. Lakini Twain alirudi. Katika kiangazi cha mwaka 1897 alikaa na familia yake Weggis, kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa lile lile, chini ya Rigi. Binti yake Susy alikuwa amefariki Agosti 1896, akiwa na miaka 24. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake Joseph Twichell, ambaye ndiye aliyefuatana naye mwaka 1878, Twain anaeleza jinsi alivyokwenda katika ukumbi wa bia wa hoteli ya kijiji kuwasikiliza waimbaji sita wa Jubilee.

Waimbaji wenye jina hilo walianza safari zao mwaka 1871, kutoka Chuo cha Fisk, Nashville, kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Twain anaandika kwamba watatu kati ya wale sita walizaliwa watumwa, na wengine ni watoto wa watumwa. Ukumbini walikaa Wajerumani na Waswisi na vikombe vyao vya bia, hawana habari na wageni hao. Waimbaji wakasimama, mazungumzo na kelele za vikombe vikaendelea. Ndipo sauti zilipopanda pamoja, na ukumbi wote ukanyamaa. Twain anasema kwamba Marekani ingewaenzi watu hao kama wangetoka nchi ya kigeni.

Hapa hakuna hesabu ya senti wala kichekesho. Anayehesabiwa sasa ni mtu, na linaloulizwa ni alikozaliwa. Mfiwa amesikia walichokibeba wafiwa wenzake. Pia lawama yake haiwaangukii Waswisi, kama hasira ya Nekhlyudov ilivyowaangukia Waingereza; inairudia nchi yake mwenyewe. Kwa maoni yangu barua hiyo fupi, ambayo mwandishi hakuitunga ili iwe sanaa, inaipita hadithi ya Tolstoy na sura ile ya Rigi pia, kwa kuwa inawaweka wimbo, mwimbaji na msikilizaji katika mizani moja.

Hitimisho

Walimu wenzangu, maandishi ya safari ni mali yetu pia. Mwaka 1896, yaani mwaka mmoja kabla ya jioni ile ya Weggis, Salim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia pamoja na Mjerumani, na masimulizi yake ya Kiswahili yalichapishwa mwaka 1901. Wakati Mrusi alikwisha kuwatazama Waswisi, Mswahili naye aliwatazama Warusi. Wanafunzi wetu wanastahili kuyasoma masimulizi hayo sambamba na hadithi ya Tolstoy, ili wajue kwamba jicho la msafiri si la taifa moja.

Tena tunaposahihisha insha za safari, tusitosheke na ziwa la buluu. Tumwulize mwanafunzi: nani alikupikia chakula? Nani aliimba, akapewa nini? Ni daraja gani lililobomolewa ili wewe upate njia? Mwanafunzi wa Kigezi akiweza kuyajibu maswali hayo juu ya Bunyonyi, ataijua Uswisi ya Afrika kuliko matangazo yanavyoijua.