Wimbo na Mwenyewe: Utendaji wa Karibu na Suala la Umiliki katika Muziki wa Taita

Utangulizi

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza jijini Nairobi ifutwe, na kwamba fasihi simulizi ya Kiafrika iwekwe katika kiini cha masomo. Pendekezo hilo lilizaa matunda mengi. Nyimbo, ngano na mafumbo vilikusanywa, vikaandikwa na kufasiriwa. Hata hivyo, lilizaa pia mazoea ambayo hayajachunguzwa vya kutosha. Wimbo ulipofika darasani, ulifika ukiwa maneno juu ya karatasi au sauti ndani ya kanda. Mwimbaji alibaki kwao.

Makala haya yanajadili kile kinachopotea katika safari hiyo, kwa kurejelea muziki wa Taita Taveta. Yanadai kwamba mwanamuziki wa asili hafahamiki barabara ila katika utendaji wa karibu, yaani pale ambapo fanani na hadhira wanaonana uso kwa uso na kujuana kwa majina. Yanadai vilevile kwamba ukaribu huohuo unaoupa wimbo uhai ndio unaolifanya swali la nani aliyeutunga kuwa gumu. Mhakiki hawezi kulikubali dai la kwanza na kulikwepa la pili.

Sauti Bila Mwili

Kabla ya kuingia Taita, yafaa kutazama jinsi sauti inavyopokewa inapomfikia msikilizaji bila mwenyewe. Jimmie Rodgers (1897–1933) alikuwa mfanyakazi wa reli katika jimbo la Mississippi kabla ya kuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa kantri wa Marekani. Santuri zake zilisafiri mbali kuliko yeye, zikafika hadi nchi ya Wakipsigis, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wimbo wa wasichana uliomhusu 'Chemirocha', jina lililotokana na matamshi ya jina la Mmarekani huyo. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha alidhaniwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Mhakiki makini hana sababu ya kucheka. Wasichana wale walitimiza wajibu wa hadhira yoyote ya fasihi simulizi: walipewa sauti isiyo na mwili, nao wakaitafutia mwili. Waliyemsikia hawakuweza kumwuliza jina wala kumjibu, ndipo wakamjibu kwa wimbo wao wenyewe. Santuri iliwaletea muziki wa mtu, haikuwaletea mtu.

Neno 'Mali' na Masikio Yake

Voi nao ni mji wa reli. Njia kutoka Mombasa ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza likajengwa tawi la kwenda Taveta. Pamoja na mashamba ya mkonge ya Mwatate na Taveta, reli iliifanya sehemu hii kuwa makutano ya Wadawida, Wasaghala, Wataveta na wageni wa lugha mbalimbali. Katika mazingira kama haya Kiswahili huwa lugha ya wimbo unaokusudiwa kueleweka na wote.

Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita mwaka 1938. Mwaka 1960 alirekodi 'Malaika' akiwa na bendi ya Jambo Boys, na wimbo huo ukaenea duniani. Miriam Makeba aliuimba, Harry Belafonte akaushiriki katika albamu yao ya mwaka 1965, na Boney M wakaurekodi baadaye. Katika vinywa vya waimbaji wasiojua Kiswahili baadhi ya maneno yalibadilika, na wasikilizaji wao wakaupokea kama wimbo mtamu wa mapenzi ya Kiafrika.

Lakini nguzo ya wimbo huo ni neno 'mali'. Kijana anampenda msichana, naye hana cha kutolea mahari. Katika santuri neno hilo hupita haraka, kwa sababu halina wa kuambiwa. Katika harusi ya kijijini, fanani akiwa na gitaa kavu hatua chache tu kutoka kwa wazee, neno lilelile lina masikio. Wazazi wa pande mbili wapo, na mahari imekwisha kujadiliwa, pengine kwa uchungu. Fanani anaweza kulirefusha, kulirudia, au kumgeukia mjomba fulani anapolitamka. Wanawake wakipiga vigelegele mahali hapo, au wazee wakinyamaza, wimbo umepata maana ambayo matini yake haikuwa nayo. Maana hiyo haimo katika kanda yoyote.

Hadhira Inayodaiwa

Uhusiano huu wa wimbo, mwili na mali si mgeni kwa Wadawida. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika makala yake ya mwaka 1957, alieleza hali iliyoitwa saka, iliyowapata hasa wanawake walioolewa. Aliihusisha na hamu ya vitu ambavyo kwa kawaida vilipatikana kwa fedha za wanaume. Ngoma ilikuwa mojawapo ya njia za kuituliza. Bila kuingia katika mjadala wa tiba, mhakiki wa fasihi anapata hapa funzo la utendaji: katika saka hadhira haikuwa kundi la watazamaji, bali watu wanaodaiwa. Mume aliyesimama pale alijua kwamba ngoma inamhusu.

Ngoma ya mwazindika, ambayo asili yake imefungamana na imani ya pepo, leo huchezwa pia katika harusi na sherehe za umma. Inapopelekwa jukwaani, mbele ya wageni wa heshima na kwa muda uliopimwa, mapigo ya ngoma yanaweza kubaki yaleyale. Kinachobadilika ni deni. Mgeni wa heshima hupiga makofi na kuondoka; hadaiwi kitu.

Nani Mwenye Wimbo?

Itakuwa makosa, hata hivyo, kuusifu utendaji wa karibu kana kwamba hauna hasara. Utunzi wa 'Malaika' umebishaniwa kwa miaka mingi. Fadhili William alishikilia kwamba wimbo ni wake. Wengine wameutaja kuwa wa Adam Salim wa Tanganyika, na wapo waliodai haki hiyo pia. Mzozo wa aina hii huota pale ambapo wimbo umepita mikononi mwa wapigaji wengi, kila mmoja akiongeza ubeti au pigo, bila anayeandika. Kikao kidogo humjua kila aliyeimba, lakini hakitoi hati. Kampuni ya santuri hutoa hati, nayo huandika jina moja, na fedha hufuata jina hilo au hukwama njiani.

Wala kanda si adui. Katika miaka ya 2010, nakala za rekodi za Tracey zilirejeshwa Kenya na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini. Bila mashine ya Tracey, kusingekuwa na cha kurejeshwa. Kikao ambacho hakikurekodiwa huzikwa pamoja na waliohudhuria.

Hitimisho

Linalopasa kubadilika ni swali. Mwanafunzi anayetumwa Sagalla, Kasigau au Wundanyi kukusanya nyimbo asiridhike kuuliza 'nani alitunga?' Aulize pia nani aliuimba, mbele ya nani, nani alijibu, nani alimsahihisha mwimbaji, na ni neno lipi lililowanyamazisha watu. Majibu hayo yaandikwe kando ya matini kama sehemu ya matini, na majina ya waimbaji waliokubali kutajwa yaandikwe kamili. Bila hayo, idara za fasihi zitaendelea kuwatendea waimbaji wa Taita kama santuri ilivyowatendea wasichana wa Kapkatet, yaani kuleta sauti na kumwacha mtu.

Fadhili William aliishi Marekani kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1980, akarudi, na kufariki Nairobi mwaka 2001. Wengi wanaouimba wimbo wake wanamjua, wakimjua, kwa majina mawili ya kwanza tu. Jina la tatu, Mdawida, ndilo linalosema alikuwa mtu wa wapi.