Kumpa Kikaragosi Pumzi

Katika makumbusho ya Ujiji, mkoani Kigoma, zimesimama sanamu za David Livingstone na Henry Morton Stanley wakisalimiana. Stanley aliandika kwamba walikutana Novemba 10, 1871, tarehe ambayo wanahistoria wameitilia shaka. Wanafunzi wanaoletwa kwa ziara huzitazama, husikiliza maelezo, hupiga picha, basi. Mwonyeshe mmoja wao soksi yenye vifungo viwili vya shati, iliyovaliwa mkononi na mtu anayeijua kazi yake, uone kama hataanza kuieleza mambo ambayo hata mama yake hajayasikia.

Nguvu hiyo ya kikaragosi ndiyo iliyotumiwa na Kilimani Sesame, kipindi cha watoto wa Tanzania cha ukoo wa Sesame Street ya Marekani. Leo mtoto wa Kitanzania anamjua zaidi Akili, yule binti wa katuni za Ubongo za Dar es Salaam, na ni haki yake, kwani katuni hizo ni nzuri. Lakini kikaragosi ana kitu ambacho mchoro hauna: yupo. Ana uzito, kitambaa chake kinakunjana, na mtoto anaweza kumshika shavu.

Sesame Street ilianza kurushwa Novemba 10 nyingine, ya mwaka 1969. Fundi wake mkuu wa vikaragosi, Jim Henson, alikuwa amemtengeneza Kermit tangu 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, na macho akayapata kwa kupasua mpira wa tenisi ya mezani. Vifaa havikuwa siri. Siri ilikuwa mkononi.

Kidole gumba ndicho taya la chini. Vidole vinne ndivyo taya la juu. Mchezaji hujibanza chini ya kamera, mkono juu, macho yake kwenye skrini ndogo inayomwonyesha anachokiona mtazamaji. Anayejifunza huinua vidole vinne kila neno linapotoka, na kikaragosi wake huonekana anazungumza na dari. Fundi hushusha gumba tu. Kichwa kinatulia, macho yanabaki kwa anayeongea naye. Kazi ngumu zaidi huja pale kikaragosi anaponyamaza: kuvuta pumzi kidogo kabla ya kujibu, kugeuza shingo taratibu, kuinama anaposikia habari ya huzuni. Bega likichoka na mkono ukalegea kidogo tu, uhai umeondoka, na mtoto amekwisha kuona.

Na Kiswahili kinamfaa kikaragosi kuliko lugha nyingi. Karibu kila silabi huishia kwa irabu, kwa hiyo mdomo unajua lini ufunguke. “Karibuni” ni mara nne. “Mgebuka”, yule samaki, huanza midomo imebana, kisha hufunguka mara tatu. Kikaragosi aliyerekodiwa kwa Kiingereza na kuwekewa sauti ya Kiswahili baadaye mara nyingi huwa amefunga mdomo huku maneno yakiendelea. Watazamaji wa vibanda umiza vya video, waliozoea sauti ya msimulizi Lufufu juu ya filamu za kigeni, wanavumilia hilo. Mtoto wa miaka minne anastahili kikaragosi anayezungumza naye kwa Kiswahili tangu mwanzo.

Kilimani Sesame iliwafikia watoto kwa televisheni, redio na vitabu. Dina Borzekowski na Jacob Macha waliwafuatilia watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam kwa wiki 6, na katika utafiti wao uliochapishwa 2010 walieleza kuwa watoto waliokipokea kipindi hicho vizuri zaidi walifanya vizuri zaidi katika kusoma, hesabu, na kuelewa malaria na VVU. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia mwaka 2002 kwa Kami, kikaragosi wa rangi ya manjano, yatima mwenye VVU, aliyewafundisha watoto kumkumbatia mwenzao bila woga.

Kigoma ilikihitaji kipindi kama hicho kuliko mikoa mingi. Uchunguzi wa malaria wa 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania Bara, takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka 5 wakiwa na vimelea. Na kwa miaka mingi umeme wake ulitoka kwenye jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, kwa hiyo nyumba nyingi hazikuwa na televisheni ya kuwasha. Kikaragosi, kwa bahati nzuri, hahitaji umeme. Anaweza kukaa kwenye ukingo wa mtumbwi ufukweni Kibirizi na kueleza kwa nini chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia dagaa, na mtoto wa mvuvi akamwelewa.

Ufundi nao upo karibu. Godfrey Mwampembwa, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianzisha The XYZ Show jijini Nairobi mwaka 2009 kwa vikaragosi waliotengenezwa huko huko. Wale walikuwa wa kuwakejeli wanasiasa, kazi ya watu wazima, lakini mkono ni ule ule. Ujiji kuna mafundi cherehani, vitenge na sponji ya magodoro.

Wenye kanda za Kilimani Sesame wazitoe zirushwe tena. Chuo cha Ualimu Kasulu kiwape wanafunzi wake saa chache za kujifunza kushusha gumba bila kuinua kichwa. Na wewe mwalimu wa awali usisubiri chuo: kata sponji, shona kitenge, anza Jumatatu.